Taka za Amu Zitengwe Jikoni



Mji wetu wa Amu haujakosa watu wa kufagia. Kabla jua halijapanda juu ya mikoko ya Manda, mafagio yanasikika vichochoroni kutoka Mkomani hadi Langoni, na Usita wa Mui hupigwa fagio kabla maduka hayajafunguliwa. Kasoro huanza baada ya fagio. Maganda ya ndizi, machicha ya nazi, matumbo ya samaki, chupa ya maji, kopo la dawa ya mbu, betri za tochi na pampasi za mtoto, vyote hutiwa mfuko mmoja. Mfuko ukishafungwa, hakuna awezaye kuufanyia jambo la maana. Utazikwa, utachomwa, au utapasuliwa na paka usiku ule ule, na paka wa Amu kazi hiyo wanaijua vizuri.

Ninachowaomba ni kazi ndogo ya kila siku. Kila nyumba iwe na ndoo mbili jikoni, moja ya vinavyooza na moja ya vikavu, na kila mtaa uwe na watu wa zamu wa kuzipokea.

Najua tumezoea usafi wa siku moja. Vijana hupewa fulana na glavu, ufuo ukaokotwa kuanzia gatini hadi Shela, picha zikapigwa, na magunia yakapelekwa jaani yakiwa na kila kitu ndani. Haupiti muda ufuo umerudi ulivyokuwa, na bahari si ya kulaumiwa peke yake. Wanaojitokeza siku hizo nawaheshimu. Jua la Amu si la kuchezewa. Lakini maoni yangu ni kwamba tusiandae usafi mwingine wa ufuo mpaka nyumba zetu zimeanza kutenga taka. Nguvu za vijana zina kikomo, na haifai kuwaokotesha leo kile tutakachokitupa kesho.

Kwa nini jikoni? Kwa sababu plastiki hupoteza thamani pale inapochanganyika na mchuzi. Mnunuzi huipima kwa kilo na kuikagua kwa macho: chupa safi ina bei yake, iliyojaa mchanga na uozo inapunguzwa bei au inarudishwa. Nasi tuko kisiwani. Gunia la kuuzwa Mombasa lazima livuke maji hadi Mokowe, kisha lisafiri kwa lori zaidi ya kilomita 300. Kusafirisha hewa na uchafu umbali huo ni hasara tupu. Kwa hiyo chupa isuuzwe, kifuniko kitolewe kiwekwe kando, na chupa ikanyagwe iwe bapa. Kifuniko na chupa si plastiki ya aina moja. Vikate vipande, vitie ndani ya beseni la maji: vya kifuniko vitaelea, vya chupa vitazama. Mtoto akiliona jambo hilo mara moja halisahau, ndiyo maana ningependa walimu wetu wa shule na madrasa wawe wa kwanza kulionyesha.

Na asije mtu akasema kwamba haya ni mambo ya miji mingine. Mwaka 2018 Flipflopi, chombo kilichoundwa kwa plastiki iliyochakatwa na kuvikwa vipande vya malapa yapatayo 30,000, kilishushwa majini hapa hapa Amu chini ya mkono wa fundi Ali Skanda, na mwanzoni mwa 2019 kikatweka tanga hadi Unguja. Dunia iliandika sana juu ya rangi za chombo kile. Mimi kilichonigusa zaidi ni kazi isiyopigwa picha: plastiki ile ilibidi ichambuliwe aina kwa aina, isafishwe, isagwe na kuyeyushwa ndipo iwe mbao. Mafundi tunao. Wanachokosa ni mali ghafi iliyo safi, na hiyo inatoka jikoni kwako na kwangu.

Kuna sababu nyingine, nayo ina masikio marefu. Huu ni mji usio na magari vichochoroni. Mawe ya nyumba zetu, mchanga, saruji, maji na mizigo ya harusi hubebwa na punda. Kituo cha kuwatibu kiko hapa tangu 1987, na waganga wa mifugo wamekuta mabonge ya plastiki ndani ya matumbo ya punda wa mji huu. Punda hali plastiki kwa kuipenda. Anatafuta ganda la embe, na ganda lile limefungiwa ndani ya karatasi ya nailoni yenye harufu ya chakula. Utumbo ukiziba, hufa kwa maumivu makali, na mwenye punda hupoteza mtaji wake wote kwa siku moja. Ganda likikaa kwenye ndoo yake na plastiki kwenye yake, mtego huo umetenguliwa bila gharama yoyote.

Ndoo ya vinavyooza ndiyo itakayojaa haraka. Katika miji yetu ya Afrika Mashariki, zaidi ya nusu ya taka za nyumbani ni vitu vya kuoza, na Amu, kwa jinsi tunavyokuna nazi, sidhani kama tuko nyuma. Machicha yanaliwa na kuku. Maganda ya muhogo, ndizi na maembe yana mbuzi na punda wanaoyangoja. Kinachosalia kifanywe mboji, na wenye mashamba ya minazi na miembe nje ya mji wanajua jinsi udongo wetu wa mchanga ulivyo na njaa. Matumbo ya samaki yafukiwe katikati ya lundo, chini ya majani makavu na vumbi la makumbi, la sivyo paka watakuja na jamaa zao wote.

Kutenga taka si jambo la hiari kama wengi wanavyodhani. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitengwe pale zinapozalishwa, zinazooza mbali na zisizooza, na inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kuzichambua. Katiba nayo imeikabidhi kaunti kazi ya kuzoa na kutupa taka. Kwa hiyo tunapojitolea hatuisamehe kaunti deni lake. Tunaipelekea taka zilizotengwa ili ikose udhuru. Mradi wa kujitolea unaosahau kudai haki yake kwa serikali huishia kuifanyia serikali kazi bure, na watu wake huchoka kabla mwaka haujaisha.

Wapo watakaosema Mwamu habadiliki. Kabla ya Agosti 28, 2017, nani alikwenda sokoni na kikapu chake? Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku siku ile, kikapu kilirudi mkononi, na leo hakuna anayekiona kitu cha ajabu. Tofauti ni kwamba safari ile tulisukumwa na faini ya mamilioni. Safari hii nataka tuanze wenyewe.

Mfano wa mbali wa kutenga taka ni Kamikatsu, mji mdogo wa milimani nchini Japani wenye watu wasiofika 1,500. Mwaka 2003 ulitangaza kwamba ifikapo 2020 hautakuwa na taka za kuchoma wala kuzika. Gari la taka halipiti. Wakazi hupeleka wenyewe kituoni, na leo hutenga mafungu zaidi ya 40. Hawakufika walikokusudia, walifika kuchakata karibu asilimia 80 ya taka zao, na wengi wao ni wazee. Sisi hatuhitaji mafungu mengi hivyo. Anayetaka kutuanzishia mafungu kumi anataka mradi ufe. Mawili kwanza. Mtaa ukishayazoea, ndoo ya vikavu ichambuliwe zaidi na watu wa zamu: chupa, vifuniko, plastiki ngumu, bati na alumini, karatasi.

Zamu zenyewe zipangwe kama tunavyopanga harusi au msiba. Hakuna harusi ya Amu inayopikwa na “watu wote”. Yuko anayejulikana kuwa wa kuni, wa maji, wa kumenya viazi, wa kupakua. Kila kichochoro kiwe na mtu wake mwenye jina, na siku yake ijulikane. Chupa ya soda ya kioo haizagai mitaani kwa sababu duka linaingoja na rubuni yako imo ndani. Gunia la plastiki nalo lisipokuwa na mtu anayelingoja siku fulani, saa fulani, litachomwa tu magharibi ikiingia, na moshi wake utapita madirishani kwa watoto wenye pumu.

Nina masharti matatu, na hapa sitauma maneno. Kwanza, kujitolea kusigeuke kazi nyingine ya wanawake. Mama ameshatenga jikoni. Kuchambua na kubeba ni kwa wale wanaojaza baraza baada ya alasiri wakijadili siasa za Nairobi. Wajadili huku wakikanyaga chupa. Pili, wanaojitolea wajitolee muda, lakini mwenye punda, mwenye mkokoteni na mwenye mashua walipwe. Huwezi kumwomba mtu riziki yake kila juma halafu ukaiita sadaka. Tatu, hesabu ibandikwe ukutani, kilo zilizouzwa na shilingi zilizoingia, mahali ambapo hata mtoto ataisoma. Vikundi vyetu vingi havikuuawa na uvivu, viliuawa na mnong’ono juu ya pesa. Na pesa yenyewe haitakuwa nyingi. Anayewaahidi utajiri wa taka anawadanganya. Mwaka wa kwanza tuuhesabu kuwa wa matumizi.

Wenye nyumba za wageni, nanyi mna mchango wenu maalumu. Mgeni mmoja hunywa maji ya chupa mengi kuliko nyumba nzima ya Gadeni. Wekeni mitungi mikubwa ya maji safi, mgeni ajaze chupa yake mwenyewe, na mlipe ada kubwa kuliko nyumba za kawaida. Mnauza uzuri wa mji ulioorodheshwa na UNESCO tangu 2001. Gharama ya kuutunza ni halali yenu.

Pampasi sina dawa yake. Haichakatwi, itaendelea kwenda jaani, na ifungwe peke yake. Betri pia zikae kando, zisikaribie mboji wala visima.

Basi tufanye hivi. Kabla ya Ijumaa ijayo tafuta ndoo ya pili, hata kama ni ya rangi iliyopasuka mdomo. Makhatibu wetu, tunawaomba mlitaje hili msikitini siku hiyo. Wazee wa mitaa, fungueni daftari na kuandika majina ya watu wa zamu, kichochoro kwa kichochoro, kuanzia Mkomani, Langoni, Kashmir na Gadeni. Nanyi wenye punda na mashua, njooni na bei zenu.