Amri ya Echo Katika Somo la Kwanza la Kompyuta

Mwalimu aanzaye kufundisha kompyuta katika shule ya msingi kwa picha za kubonyeza, twaona ameanzia mbali. Heri aanze na amri moja ya maandishi, nayo ni echo, neno la Kiingereza lenye maana ya mwangwi. Amri hii hutumika katika Unix, mfumo ulioanza kutungwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko Marekani, na vilevile katika Linux.

Mtoto akiandika echo Juma anasoma, mashine hujibu: Juma anasoma. Hapo wanachuo wengi huridhika. Sisi haturidhiki, maana mtoto amejifunza kuitikia tu, na kuitikia madarasa yetu yanako tele.

Ndugu mwanachuo, andika ubaoni echo 5+3, na kabla ya kitufe kubonyezwa kila mtoto aseme jibu litakuwa nini. Wengi watasema 8. Mashine itaandika 5+3, kama ilivyopewa. Mpaka iandikwe echo $((5+3)) ndipo 8 itokee, kwani alama zile ndizo zinazoiagiza mashine ikokotoe kwanza, kisha itangaze. Tena, nafasi nyingi zikiachwa kati ya maneno hupunguzwa kuwa moja, isipokuwa sentensi imefungwa katika alama za usemi.

Wako wasemao kuwa shule yenye kompyuta moja haiwezi somo hili. Mbona yaweza! Kazi kubwa hapa ni kukisia na kubishana, nayo hufanyika kwa chaki. Mashine huitwa mwishoni, iamue.