Uno: mwenye karata si mwenye sheria

Kwenye kambi za wahami wa vita na ndani ya familia zinazowapokea, watoto wenye karata za Uno wanaweza kucheza mchana mzima. Mchezo ni mzuri. Kinachopashwa kulaumiwa ni namna ugomvi unavyokatwa. Mmoja anaangusha +4, mwenzake anaweka +2 juu yake, wa tatu anaambiwa avute 6. Anakataa. Hapo mwenye karata anasema: "Kwetu ndivyo tunavyocheza." Maneno yameisha, mtoto anavuta.

Hiyo si sheria, ni nguvu.

Uno yenyewe ilizaliwa ndani ya ubishi. Kinyozi Merle Robbins wa Ohio, Marekani, aliitunga mwaka 1971 baada ya kubishana na mtoto wake juu ya sheria za mchezo mwingine wa karata. Mwaka 2019, wenye Uno walitangaza wazi: ukiwekewa +4, unavuta 4 na zamu yako inapita. Huruhusiwi kuweka +2 ili mwingine avute 6. Mwaka 2023, kampuni ya Mattel ilitoa Uno ya aina nyingine, No Mercy, ambamo kurundika kunaruhusiwa. Hata humo, karata inayofuata haipashwi kuwa ndogo kuliko iliyotangulia. +2 juu ya +4 haipiti.

Familia inaweza kuwa na sheria yake, hakuna ubaya. Ubaya ni sheria kuzaliwa baada ya karata kuanguka.

Wachezaji wa Magic: The Gathering, mchezo wa Richard Garfield uliotoka mwaka 1993, wana maelfu ya karata, na nyingi zinapingana. Hawamwachii mwenye sauti kubwa akate maneno. Sheria zao zimeandikwa: karata ikipingana na sheria ya kawaida, karata inashinda. Karata moja ikiruhusu jambo na nyingine ikilikataza, katazo linashinda. Jibu lipo kabla ya karata kugawiwa, na ni moja kwa tajiri na kwa maskini.

Kuna watakaosema: ni mchezo wa watoto tu, waacheni. Hapana. Mtoto aliyekimbia vita amekwisha kuona wenye nguvu wakibadili sheria katikati ya njia. Akikuta hivyo hata kwenye karata, atajifunza kwamba haki ni ya mwenye mali. Kesho akipata karata zake, atamfanyia mdogo wake vilevile.

Wazazi na viongozi wa kambi hawahitaji franka hata moja ili kubadili hayo. Kabla ya kugawa, waulize mambo matatu mbele ya wote: kurundika kunaruhusiwa ao hapana? Karata mbili zikipingana, ipi inashinda? Ubishi ukitokea, nani asiyecheza atakata maneno? Majibu yaandikwe kwenye kipande cha karatasi. Asiyekubali ajitoe hapo, si baada ya kushindwa.

Na lile ambalo halikusemwa? Ifuatwe karatasi ya sheria iliyokuja na karata. Kama imepotea, mzigo mdogo ndio uchaguliwe: anayevuta avute 4, si 6. Aliyenyamaza wakati wa kupatana asidai kitu wakati wa kushinda.