Kipimo kisichothibitishwa kisiamue dawa ya mgonjwa

Mgonjwa wa saratani ya mdomo au koo hutibiwa kwa mionzi, na mara nyingi huongezewa dawa ya sisplatini. Dawa hiyo ni kali. Hutapisha, huumiza figo, na wako watokao hospitali wamepona lakini masikio yao hayasikii vema tena. Ndiyo maana kwa miaka mingi madaktari wametamani kipimo cha kuwaonyesha mapema ni nani itamfaa na ni nani itamtesa bure.

Tumaini hilo lilielekezwa kwenye protini iitwayo ERCC1. Sisplatini huua seli ya saratani kwa kujibandika kwenye DNA yake. ERCC1, ikishirikiana na protini nyingine iitwayo XPF, huikata sehemu iliyoharibika ili ipate kutengenezwa. Hoja ikawa nyepesi, pengine nyepesi mno: uvimbe wenye ERCC1 nyingi utajitengeneza, na dawa itashindwa. Mwaka 2006 wataalamu wa Ufaransa walitangaza kwamba vivimbe 761 vya saratani ya mapafu vilionyesha hivyo hasa. Wachunguzi wa saratani za kichwa na shingo hawakukawia kuitumia kingamwili ileile ya kupimia. Baadhi yao walikuta kwamba ERCC1 nyingi ni dalili ya maisha mafupi. Wengine hawakukuta kitu.

Mwaka 2013 baadhi ya wataalamu walewale wa Ufaransa, kwa uungwana usioonekana kila siku, waliyarudia matokeo yao kwa wagonjwa wengine, wala hawakuyapata. Ilidhihirika kwamba ERCC1 ina maumbo manne, na ni moja tu liwezalo kutengeneza DNA. Kingamwili 16 zilizokuwa zikiuzwa zilijaribiwa. Hakuna hata moja iliyoweza kulitenga umbo hilo. Ilikuwa sawa na kuhesabu mafundi wa karakana kwa kutazama sare tu.

Watakuwapo watakaosema kwamba hilo ni kosa la maabara, na kwamba kingamwili bora ikipatikana mambo yatanyooka. Sivyo. Hata alama iliyothibitika ina mpaka wake. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2010 lilionyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya koo iliyotokana na virusi vya HPV waliokuwa hai baada ya miaka mitatu walikuwa asilimia 82, na wasio na virusi hivyo asilimia 57. Kwa kuiamini tofauti hiyo, wachunguzi walijaribu kuwapunguzia wenye HPV ukali wa tiba, wakawapa setuksimabu badala ya sisplatini. Kufikia mwaka 2019 majaribio mawili makubwa yalikuwa yameonyesha kwamba waliopewa setuksimabu walikufa zaidi. Kutabiri mwenendo wa ugonjwa ni kazi moja, kuchagua dawa ni kazi nyingine.

Basi daktari atakaye kumnyima mgonjwa wa koo sisplatini kwa sababu ya rangi aliyoiona katika hadubini, hana budi kwanza kuonyesha jaribio lililofanywa kwa wagonjwa wa koo, si wa mapafu, likarudiwa katika maabara nyingine na kutoa jibu lilelile.