Staa wa hoki anapokataa mamilioni, nani hasa anafaidika?

Ndani ya siku sita tu, mashabiki wa hoki ya barafu huko Amerika Kaskazini walipata mambo mawili ya kubishania mpaka usiku wa manane.

Septemba 30, 2025, Kirill Kaprizov wa Minnesota Wild alisaini mkataba wa miaka minane wenye thamani ya dola milioni 136. Hiyo ni dola milioni 17 kwa mwaka, mkataba mnono kuliko wote katika historia ya NHL, ligi kubwa zaidi ya mchezo huo duniani.

Halafu Oktoba 6, Connor McDavid wa Edmonton Oilers, ambaye wengi wanamhesabu kuwa mchezaji bora wa kizazi hiki, akasaini miaka miwili tu kwa dola milioni 12.5 kwa mwaka. Mshahara uleule anaoupokea tangu 2018. Hata senti moja haikuongezeka.

Yaani aliye bora kachukua pungufu, tena kwa tofauti kubwa.

Ukizoea soka, hii haiingii akilini. Huku kwetu shabiki anataka staa wake alipwe vizuri ili asije akachukuliwa na mwenye pesa zaidi. Kwenye hoki shabiki anapiga dua staa wake akubali kidogo. Sababu ni kitu kinaitwa kikomo cha mishahara.

Mfuko mmoja, watu 23

Kikomo hiki kilianza msimu wa 2005-06, na hakikuja kirahisi. Wamiliki wa timu waliwafungia wachezaji milango, msimu mzima wa 2004-05 ukafutwa, na mwaka ule hakukuwa na bingwa. Wamiliki walitaka gharama za mishahara zijulikane mapema. Mwisho wa siku wachezaji wakakubali. Kikomo cha kwanza kilikuwa dola milioni 39 kwa timu. Msimu wa 2025-26 kilikuwa dola milioni 95.5.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mapato ya ligi yanagawanywa nusu kwa nusu kati ya wachezaji na wamiliki. Kutokana na mgawo huo inapigwa hesabu ya kiwango cha kati, kisha inawekwa dari juu na sakafu chini. Sakafu ya msimu wa 2025-26 ilikuwa dola milioni 70.6. Timu hairuhusiwi kupita dari, na hairuhusiwi kushuka chini ya sakafu. Na sio kama kikapu cha NBA, ambako tajiri anaweza kupita kiwango akalipa kodi ya ziada na maisha yakaendelea. Kwenye hoki dari ni dari.

Mchezaji mmoja pia hawezi kuchukua zaidi ya asilimia 20 ya dari hiyo.

Sasa ipigie hesabu Minnesota. Mkataba mpya wa Kaprizov unaanza msimu wa 2026-27, na kwa makadirio ambayo ligi iliyatangaza Januari 2025, kikomo cha msimu huo ni dola milioni 104. Toa 17 za Kaprizov, zinabaki 87. Kikosi kina watu hadi 23, kwa hiyo wenzake 22 wanagawana hizo. Ni wastani wa chini kidogo ya milioni 4 kila mmoja. Ni pesa nyingi, ndiyo, lakini kwa bei za ligi hiyo haikununulii staa wa pili na wa tatu.

McDavid, kwa kikomo kilichokuwepo siku anasaini, angeweza kudai mpaka dola milioni 19.1. Ameacha mezani zaidi ya milioni 6 kila mwaka. Alikuwa amepoteza fainali mbili mfululizo, 2024 na 2025, zote mikononi mwa Florida Panthers, na hakuwa amelibeba Kombe la Stanley hata mara moja. Hesabu yake inaeleweka: hizo milioni sita zimnunulie beki au golikipa.

Wawili waliocheza na Wakenya

Hesabu hii ina sura mbili ambazo Afrika Mashariki tunazifahamu, hata kama wengi hatukujua majina yao.

Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Canada, Tim Hortons, iliwasafirisha wachezaji wa Ice Lions kutoka Nairobi mpaka Canada. Ice Lions ni timu ya hoki ya barafu ya Kenya. Inafanya mazoezi kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ambao ni mdogo kuliko uwanja rasmi. Shida yao kubwa haikuwa udogo wa uwanja. Hawakuwa na mtu wa kucheza naye. Walikuwa wanajigawa wenyewe kwa wenyewe, basi.

Canada walipangiwa mechi na timu ya wazima moto. Wakiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo wakatokewa na watu wawili: Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Wakavaa jezi za Ice Lions, wakaingia nao barafuni. We fikiria unacheza mechi ya mchangani, mara Messi anakwambia leo tuko wote.

Lilikuwa tangazo la biashara, tusidanganyane. Kampuni ilikuwa inauza kahawa. Lakini ukiitazama ile video, nyuso za wale vijana wa Nairobi haziigizi kitu. Na ile safari iliwapa jina: mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu.

Crosby na MacKinnon wote wanatoka Cole Harbour, mji mdogo jimbo la Nova Scotia. Na kwa bahati, ukitaka kuelewa kikomo cha mishahara kinavyomgusa shabiki, hao wawili wanakutosha.

Crosby amekuwa akihesabiwa dola milioni 8.7 kwa mwaka tangu 2008. Namba hiyo sio ya bahati mbaya: alizaliwa tarehe 7 mwezi wa 8 mwaka 1987 na anavaa jezi namba 87. Wakati mkataba ule unaanza, mshahara wake ulikuwa kama asilimia 15 ya kikomo. Msimu wa 2025-26 ulikuwa kama asilimia 9. Septemba 2024, akiwa na miaka 37, aliongeza miaka miwili na hakubadili namba. Katika kipindi hicho Pittsburgh Penguins walibeba makombe matatu: 2009, 2016 na 2017.

Ila hapa wanaomsifia huwa wanaruka kipande. Penguins hawakuingia hatua ya mtoano mwaka 2023, wala 2024, wala 2025. Staa alijinyima, uongozi ukawa na nafasi ya kununua watu, na timu ikabaki nje vilevile. Kujinyima kwa mchezaji kunafaa tu kama mwenye kalamu ofisini anajua kununua.

MacKinnon yeye alikuwa dili la bure kabisa. Kwa miaka saba, kuanzia 2016, Colorado Avalanche walimlipa dola milioni 6.3 kwa mwaka huku akigeuka kuwa mmoja wa wachezaji watatu au wanne bora duniani. Mwaka 2022 wakabeba kombe. Kwa desturi ya hoki kila mchezaji wa timu bingwa anapewa siku yake na kombe, alipeleke anakotaka. MacKinnon akalirudisha nyumbani Nova Scotia, watu wakajaa barabarani kumwona. Hakuna mchezo mwingine mkubwa unaomsogeza bingwa karibu na mtu wa kawaida kiasi hicho.

Halafu bili ikaja. Kuanzia 2023-24 mshahara wake ukaruka mpaka milioni 12.6, mara mbili kamili ya zamani. Ni haki yake, kwa kweli alikuwa amelipwa kidogo muda mrefu. Lakini mfuko ni uleule.

Mwaka uliofuata mwenzake Mikko Rantanen alikuwa anaelekea mwisho wa mkataba wake wa milioni 9.25. Walicheza pamoja karibu miaka kumi, wakabeba kombe pamoja. Mazungumzo ya mkataba mpya yakakwama. Januari 24, 2025 Colorado wakampeleka Carolina kwa kubadilishana wachezaji. Huko nako hakukaa: Machi akapelekwa Dallas Stars, ambao walimpa miaka minane kwa milioni 12 kwa mwaka.

Mzunguko wa kwanza wa mtoano, Dallas wakakutana na nani? Colorado. Mechi ya saba, ya kuamua, Colorado wanaongoza 2-0 kipindi cha mwisho. Rantanen akafunga mabao matatu. Ikaisha 4-2, Colorado nje.

Kuna watu Denver wana jezi yenye jina lake na saini yake, walipiga naye picha akiwa kijana mgeni kutoka Finland. Jezi ile waiweke wapi sasa?

Milioni 18 juu ya dari

Dari ni dari, tumesema. Ila palikuwa na tundu, na lilikuwa kubwa.

Kanuni iliruhusu timu yenye majeruhi wa muda mrefu kutumia pesa za ziada kuziba pengo lake. Na kikomo kilikuwa kinahesabiwa kwenye msimu wa kawaida tu, sio mtoano. Unaona inakoelekea?

Nikita Kucherov wa Tampa Bay Lightning alifanyiwa upasuaji wa nyonga, akakosa msimu mzima wa kawaida wa 2020-21. Mtoano ulipoanza, huyo hapo, mzima wa afya. Akaongoza ligi nzima kwa pointi 32 na Tampa wakabeba kombe. Kikosi chao kwenye mtoano kilikuwa kimepita kikomo kwa kama dola milioni 18. Kwenye sherehe za ubingwa Kucherov akavaa fulana iliyoandikwa kwamba wako milioni 18 juu ya kikomo. Aliwacheka watu mchana kweupe.

Hakuna kanuni iliyovunjwa, ndiyo maana iliuma zaidi. Vegas Golden Knights wakafanya hesabu kama hiyo na nahodha wao Mark Stone mwaka 2023, wakabeba kombe. Florida nao 2025 walimrudisha Matthew Tkachuk wakati wa mtoano, wakabeba. Ligi ikachoka. Kuanzia msimu wa 2025-26 kuna kikomo cha mtoano pia: wachezaji 20 wanaoingia mechi husika lazima mishahara yao ikae chini ya dari.

Tundu lingine bado liko wazi. Florida, Texas na Nevada hazina kodi ya mapato ya jimbo. Dola milioni 12 za Dallas au Vegas zinabaki mfukoni zaidi kuliko milioni 12 za Toronto, ila kwenye kikomo zinahesabiwa sawasawa. Wakanada hilo wanalilalamikia kila kiangazi, na mimi naona wana hoja.

Lawama inaenda kwa nani

Tukubali kwanza kwamba kikomo kinafanya kazi yake. Kuanzia 2006 mpaka 2025 limechezewa Kombe la Stanley mara 20 na limebebwa na timu 13 tofauti. Kwenye Ligi Kuu yetu ya Tanzania, kipindi hicho hicho kombe limezunguka kwa Yanga na Simba, na Azam mara moja tu, 2013/14. Shabiki wa timu ndogo ya hoki ana sababu ya kuamka asubuhi.

Kinachonikera ni kwamba lawama zote zinamwangukia mchezaji. Mfano mzuri ni Toronto Maple Leafs. Kwa misimu kadhaa washambuliaji wao wanne walikuwa wanakula karibu nusu ya kikomo chote, na timu haijabeba kombe tangu 1967. Mmoja wao, Mitch Marner, ni mtoto wa nyumbani, amekulia pembeni ya jiji lilelile. Akazomewa uwanjani kwao, akaambiwa ana tamaa. Kiangazi cha 2025 akaondoka kwenda Vegas kwa milioni 12 kwa mwaka.

Sasa tumwangalie mmiliki. Bei ya tiketi haina kikomo. Bei ya jezi haina kikomo. Seattle walipoingia ligi walilipa ada ya dola milioni 650, wamiliki wakagawana. Ada hiyo haikuingia kwenye yale mapato yanayogawanywa nusu kwa nusu na wachezaji. Hakuna aliyemzomea mmiliki kwa kutojinyima.

Kwa hiyo Kaprizov akichukua milioni 17 simwoni kama mlafi. Amechukua bei yake kwenye biashara ambayo upande wa pili hauachi kitu mezani. McDavid naye sio malaika: miaka miwili maana yake ameishikilia Edmonton shingoni. Wamtengenezee timu ya ubingwa au aondoke.

Na muda wenyewe umepangwa kwa akili. Kwa makadirio ya ligi kikomo kitafika dola milioni 113.5 msimu wa 2027-28. Mkataba wa McDavid unaisha kiangazi cha 2028, akiwa mchezaji huru wa miaka 31, dari likiwa juu kuliko wakati wowote. Edmonton wana milioni zake sita na ushee za kutumia kila mwaka mpaka hapo, na wenye kalamu ofisini ndio wanaoangaliwa sasa.