Ukoo, Ardhi na Kiti cha Bunge: Neno la Mhariri

Historia ya siasa ya uwanda wa juu wa kati wa Tanzania, yaani nchi kavu inayoanzia Mpwapwa na Dodoma ikapita Manyoni hadi Tabora, kwa kawaida imeandikwa kwa kumfuata mtu mmoja mmoja: mtemi aliyewapinga Wajerumani, waziri wa baraza la kwanza la uhuru, mbunge aliyeasi chama chake na baadaye akarejea. Maandishi ya namna hiyo yana faida yake, lakini humtenga mwanasiasa na ukoo uliomlea, na kwa sababu hiyo hayawezi kueleza kwa nini majina yaleyale yanajitokeza kizazi baada ya kizazi, chini ya tawala zilizokuwa maadui wa tawala zilizotangulia. Makala za toleo hili zinauchukua ukoo kuwa kipimo cha uchunguzi, na hoja inayoziunganisha ni kwamba koo za watemi hazikurithi ardhi yenyewe. Zilirithi mamlaka ya kuigawa, pamoja na watu wa kugawiwa. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza jinsi koo hizo zilivyojiunga na siasa ya uhuru, zilivyopoteza vyeo vyao bila vita, na zilivyoendelea kusikika baada ya hapo.

Uzito wa hoja hiyo huonekana vizuri zaidi ikitazamwa kwanza nchi ambako ukoo wa kisiasa ulikuwa kweli ukoo wa wenye ardhi. Charles Stewart Parnell alizaliwa mwaka 1846 katika shamba la Avondale, jimbo la Wicklow nchini Ireland, katika familia ya Kiprotestanti iliyoishi kwa kodi za wapangaji waliolima ardhi yake, na ambayo ilikuwa imezoea madaraka tangu babu wa baba yake, Sir John Parnell, aliposhika hazina ya Ireland na kupinga nchi hiyo kuunganishwa na Uingereza. Parnell aliingia bungeni mwaka 1875, na Oktoba 1879 akakubali kuwa rais wa Land League, chama cha wakulima wapangaji kilichodai kodi nafuu, ulinzi dhidi ya kufukuzwa mashambani na haki ya kuinunua ardhi waliyoilima. Hivyo mwenye shamba akawaongoza wapangaji dhidi ya tabaka lake mwenyewe. Hata hivyo, nguvu ya tabaka hilo ilikuwa imeandikwa katika hati za kumiliki, na kwa sababu hiyo haikuondolewa kwa hotuba wala kwa kura pekee. Ilibidi inunuliwe, kazi ambayo iliharakishwa na sheria ya mwaka 1903 iliyowapa wapangaji mikopo ya serikali ili wanunue mashamba, miaka kumi na miwili baada ya Parnell kufariki.

Katika Ugogo na Unyamwezi hapakuwa na hati ya namna hiyo. Mtemi, yaani mtawala wa kurithi wa nchi ambayo mara nyingi ilikuwa ndogo, alikuwa mlinzi wa mvua, mwamuzi wa mashauri na mgawaji wa mahali pa kukaa, na katika Ugogo alama za utawala wake zilikuwa kigoda na mawe ya mvua. Shamba lilikuwa la kaya iliyolilima kwa muda wote ilioendelea kulilima, na malisho yalikuwa ya wakazi wote. Mapato ya mtemi yalitokana na kazi za raia katika shamba lake, na pembe za ndovu na ngozi za simba na chui alizoletewa kwa heshima ya cheo, na hasa hongo, yaani ushuru uliotozwa misafara kwa kupita na kutumia maji. Katika nchi yenye visima vichache kama Ugogo, hongo ilikuwa chanzo kikubwa cha utajiri, na wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19 walimtaja Magomba wa Kanyenye kwa jinsi alivyoitoza. Mali iliyobaki nyumbani ilikuwa ng'ombe na watu, na vyote viwili vina miguu: mvua zikikosekana au mtawala akiwa mkali kupita kiasi, raia walihamia kwa jirani, na mtemi akabaki na pori.

Urithi wa aina hii ulikuwa na kanuni zake, na ukoo wa Unyanyembe, uliotawala eneo ambamo mji wa Tabora ulikua, unazionyesha vizuri. Shamba la Kiingereza au la Kiayalandi kwa kawaida lilimwangukia mtoto wa kiume wa kwanza bila mjadala. Utemi wa Unyanyembe ulikuwa na warithi wengi waliostahili, na wazee wa ikulu ndio waliochagua, kwa hiyo kila kifo cha mtemi kilifungua mashindano ambamo wageni wenye bunduki waliweza kuingiza mkono wao. Fundikira wa kwanza alipofariki mwaka 1858, kiti kilishikwa na Mnywa Sele, ambaye alitaka kuwatoza ushuru wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Muda si mrefu wakamwondoa na kumsimika Mkasiwa, naye Mnywa Sele akapigana msituni hadi alipouawa mwaka 1865. Isike, aliyemfuata Mkasiwa mwaka 1876, alipambana na Wajerumani kwa miaka kadhaa, na Januari 1893, ngome yake ilipovunjwa na kikosi cha Tom von Prince, alilipua ghala la baruti alimokuwamo kuliko kutekwa. Washindi hawakuufuta ukoo wake. Walitafuta ndani yake mtu wa kumkubali, na wakampata Bibi Nyaso.

Tawi jingine la ukoo huohuo lilichukua njia tofauti kabisa. Nyungu ya Mawe, mwana wa ukoo aliyekosa nafasi Unyanyembe, alikusanya rugaruga, yaani askari vijana wasiofungwa na koo zao, akaziunganisha nchi ndogo nyingi za Ukimbu, kusini magharibi mwa Ugogo, na kuziwekea maofisa aliowateua mwenyewe badala ya kutegemea watawala wa kuzaliwa. Alipofariki mwaka 1884, binti yake Mgalula aliupokea utawala huo, nao haukusambaratika. Wale wanaodhani kwamba wanawake wa koo hizi walikuwa mapambo ya ikulu hawana budi kuwazingatia Mgalula na Nyaso, kwa kuwa kila mmoja alishika nchi wakati ambapo ukoo ulikuwa hatarini. Ireland pia inatoa mfano wake: mwaka 1881, viongozi wanaume wa Land League walipowekwa gerezani, Anna Parnell aliongoza chama cha wanawake kilichowahudumia wapangaji waliofukuzwa, na mwaka uliofuata kaka yake alikiua chama hicho kwa kukikatia fedha.

Badiliko kubwa zaidi katika urithi wa watemi lililetwa na karani wa hazina. Baada ya Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, iliyopitishwa chini ya Gavana Donald Cameron ili Waingereza watawale kupitia watawala wa jadi, michango ya raia kwa mtemi iligeuzwa kuwa mshahara uliolipwa na hazina ya wenyeji, na mtemi ambaye awali aliogopa raia kuhama sasa aliogopa barua ya ofisa wa wilaya. Huko Ugogo, ambako njaa kuu iliyoitwa Mtunya ilikuwa imeua maelfu ya watu kati ya mwaka 1918 na 1920, serikali iliziunganisha nchi ndogo chini ya wakuu wachache iliowatambua, na Mazengo wa Mvumi akawa maarufu kuliko wote. Wakati huohuo serikali ilifungua Tabora mwaka 1925 shule iliyokusudiwa hasa watoto wa machifu. Kwa njia hiyo ukoo ulipewa kitu ambacho hakikuwamo katika kigoda wala katika mawe ya mvua: cheti cha shule, ambacho mwenye nacho aliweza kukibeba popote.

Abdallah Said Fundikira, aliyezaliwa Tabora mwaka 1921, alikibeba hadi Makerere, kisha katika utumishi wa kilimo serikalini, na mwaka 1957 akawa mtemi wa Unyanyembe. Mwaka huohuo Gavana Edward Twining aliwakusanya machifu Mzumbe, akitumaini kwamba wangekuwa ukuta dhidi ya TANU, chama kilichodai uhuru. Ukuta huo haukusimama. Januari 1958 TANU ilifanya Tabora mkutano wake mkuu ulioamua kushiriki katika uchaguzi wa kura tatu, yaani uchaguzi ambamo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Na mtemi wa hapohapo Tabora akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kuungwa mkono na chama hicho, mwaka 1959 akawa mmoja wa mawaziri watano waliotoka kwa wajumbe wa kuchaguliwa, na nchi ilipopata uhuru akawa Waziri wa Sheria. Fundikira na Parnell wanafanana kwa kuwa kila mmoja aliungana na harakati iliyotishia cheo cha ukoo wake. Wanatofautiana kwa kuwa TANU haikuwa na wapangaji wa kuwakomboa kutoka kwa Fundikira, na kwa hiyo haikuhitaji kumfanya adui.

Ndiyo maana utemi uliondolewa kwa wepesi ule. Mwaka 1963 Bunge lilifuta sheria iliyotambua mamlaka ya machifu, na mwaka huohuo hati za umiliki wa kudumu wa ardhi, ambazo nyingi zilikuwa za walowezi na makampuni, ziligeuzwa kuwa mikataba ya upangaji kutoka serikalini ya miaka 99. Sheria ya pili iligusa mali, ya kwanza iligusa kazi tu. Mtemi aliyefutwa hakuwa na shamba kubwa la kunyang'anywa, na raia wake hawakuwa na deni la kusamehewa. Fundikira alitoka serikalini mwaka huo. Lugha ya ukabaila, yaani mfumo wa wachache kuishi kwa kodi ya ardhi wanayolima wengine, ambayo ilienea baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, iliwaelezea vizuri baadhi ya wenye mashamba kwingineko, lakini ikitumiwa kwa watemi wa uwanda wa kati inaficha zaidi ya inavyofunua.

Inaweza kupingwa kwamba kuzifuata koo ni kurudisha kwa mlango wa nyuma heshima ambayo jamhuri iliikataa. Pingamizi hilo lina nguvu, lakini historia ya jamhuri yenyewe inalipunguza. Julius Nyerere alikuwa mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa wa Wahehe, aliongoza Bunge kama Spika kwa takriban miongo mitatu. Na mwaka 1991, kamati ya kudai mageuzi ya katiba na vyama vingi ilipoundwa, mwenyekiti wake alikuwa Abdallah Fundikira, ambaye baadaye aliongoza chama cha UMD na hatimaye akarejea katika chama tawala, CCM. Kutaja nasaba zao hakuongezi daraja la yeyote. Kunasaidia kuonyesha kwamba shule za mwanzo hazikugawanywa kwa haki, na kwamba usawa uliotangazwa mwaka 1961 ulijengwa na watu ambao wengi wao walikuwa wamenufaika na ukosefu wa usawa uliotangulia.

Msomaji wa Dodoma ana sababu ya pekee ya kulifikiria suala hili. Mathias Mnyampala, mwenyeji wa Ugogo, aliandika kwa Kiswahili historia, mila na desturi za Wagogo katika kitabu kilichotoka mwaka 1954, wakati watemi bado wako madarakani, na tangu hapo mamlaka ya kugawa ardhi yamepita mikono mingi: Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971 iliwahamishia watu vijijini, uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia Dodoma makao makuu ya serikali ukageuza mashamba kuwa viwanja, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaipa halmashauri ya kijiji kazi inayofanana sana na ile ya mtemi. Swali ambalo makala hizi zinaliacha wazi kwa watafiti wengine ni kama mgawaji mpya anabanwa na jambo lolote lenye nguvu sawa na lile lililombana mtemi wa zamani. Raia wa Ugogo wa karne ya 19 alikuwa na haki moja isiyoandikwa, haki ya kuhama na kumwachia mtawala pori lake. Ardhi inapopimwa, kuuzwa na kwisha, haki hiyo hutoweka, na uwajibikaji wa anayegawa unabaki kutegemea sheria na uchaguzi peke yake. Historia ya koo za watemi inastahili kuandikwa upya kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya fahari ya majina yao.