Kabla ya kasi, tupewe kiti na njia imara

Kila mara viongozi wanapozungumzia kufufua reli ya Katanga, wakaaji wengi wa Lubumbashi huuliza kwanza: treni itakimbia kilomita ngapi kwa saa? Ni haki yao. Msafiri wa Kindu au Kananga huhesabu safari kwa siku, si kwa saa. Lakini kuna maswali yanayotangulia hilo.

Wengine husema reli yetu ni nyembamba mno kwa treni ya haraka. Si kweli. Reli ya SNCC ina upana wa milimita 1,067, sawa na reli nyingi za Japani na za Queensland, Australia. Tangu 1973 Japani inatumia treni ambazo mabehewa yake huinama kwenye kona, kama mtu wa baiskeli. Behewa likiinama, msafiri hasukumwi sana upande, na treni inapita haraka zaidi juu ya njia ileile. Huko Queensland, treni ya namna hiyo ilifika kilomita 210 kwa saa katika majaribio ya 1999.

Kasi hiyo ilikuwa na bei. Japani na Uingereza, wasafiri walichafukwa na roho: macho yaliona dunia inalala upande, mwili haukuhisi kona. Mafundi wakapunguza kuinama, ili msafiri aihisi kona kidogo. Na mwaka 2004, treni ya Queensland iliingia kwa kilomita 112 kwenye kona ya kilomita 60. Ilianguka. Hakuna aliyekufa, lakini wengi waliumia. Behewa zuri haliwezi kuokoa treni iliyozidisha mwendo kwenye kona.

Sasa tujitazame. Machi 2022, huko Buyofwe, eneo la Lubudi, treni ya mizigo iliacha reli na watu 75 wakafa. Vifo vya namna hiyo tulikwisha kuviona Katongola, karibu na Kamina, mwaka 2014, na Mayibaridi, Tanganyika, mwaka 2019. Baada ya Buyofwe tuliambiwa kwamba waliokufa walikuwa wasafiri wa siri. Siri gani, ikiwa mamia ya watu wanapanda treni moja? Watu hupanda treni ya mizigo kwa sababu treni ya wasafiri ni adimu na barabara ni mbaya.

Ndiyo maana, kwetu, starehe si anasa. Starehe ya kwanza ni kiti ndani ya behewa lenye mlango. Na kasi ya kwanza ni treni isiyokwama njiani: kutoka Lubumbashi mpaka Kamina ni kama kilomita 600, na treni inayoshika kilomita 50 kwa saa bila kukwama ingefika kwa saa 12. Hatuhitaji mabehewa yanayoinama kwa hilo. Tunahitaji mataruma mazima, reli zilizonyooka, na dereva anayeheshimu mwendo uliowekwa kwa kila kona.

Pesa zimeanza kuonekana. Desemba 2024 Marekani ilikubali mkopo wa dola milioni 553 kwa reli ya Lobito, upande wa Angola, ili shaba yetu ifike baharini. Zikifika upande wetu, wabunge wadai jambo moja: kila mkataba wa reli utaje idadi ya treni za wasafiri kwa wiki na viti vyake, kama unavyotaja tani za madini.

Reli ilifika hapa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Zaidi ya miaka 100 baadaye, shaba haipaswi kusafiri vizuri kuliko mtu.