MAMBA MUNTU UKUTANI: TUICHOME AO TUISOME?



Kuko mabishano kati yetu juu ya tablo ya Mamba Muntu. Wengine wanasema mwanafunzi Mkristo akirudi nyumbani likizo aitoe ukutani na kuichoma, sababu ni ya shetani. Mimi nakataa. Si kwa kumtetea Mamba Muntu, hapana. Naona hatujaiangalia tablo yenyewe.

Tuiangalie basi. Mwanamke mweupe, nywele ndefu, amekaa kando ya mayi. Toka kiuno kwenda chini ni samaki. (Jina linasema mamba, lakini mkia ni wa samaki!) Nyoka amemzunguka. Ana kioo na chanuo, na mara nyingi saa ya mukono. Saa ya nini ndani ya mayi? Hapo ndipo pa kuuliza. Mayi, mawe na majani ni kazi ya Mungu. Saa na kioo ni vitu vya magazini. Mchora picha ameleta magazini katikati ya pori.

Na kisa chake bazee wanakijua. Mtu anaokota unywele wake, usiku anamtokea katika ndoto kuudai, anamwahidi feza nyingi kama atanyamaza. Kisha deni linakuja: mtu mmoja wa jamaa. Kwa hiyo tablo hii inasema juu ya feza isiyotoka kwa kazi, na bei yake. Miaka ya 1970 ilitundikwa katika saloni nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, imechorwa juu ya gunia la unga, jirani na Lumumba na Colonie Belge. Wengi walioinunua walikuwa watu wa mshahara. Walijua namna mwisho wa mwezi unavyochelewa.

Wenye kusema "ni mungu wa bankambo" wajue tena jambo hili. Picha ya mwanamke mwenye kuchezesha nyoka ilichapwa Hamburg, Ujerumani, miaka ya 1880. Mwaka 1955 ilichapwa tena Bombay, nakala 12.000. Huko Afrika ya Magharibi watu walimwona ndani yake Mami Wata, ndugu ya Mamba Muntu wetu. Kumbe bankambo wanasingiziwa!

Wananiletea mfalme Hezekia, 2 Wafalme 18. Vema. Lakini yeye alivunja nyoka wa shaba sababu watu walimfukizia uvumba. Nyoka yule Musa alimtengeneza kwa amri ya Mungu, soma Hesabu 21. Nani kati yetu ameona baba yake akifukizia tablo uvumba?

Kuko mwenye kuitundika kwa kuita bahati, hilo nakubali. Huyo naye, kiberiti cha mtoto wake hakitamgeuza, atanunua ingine.

Likizo iko karibu. Mwenye tablo hii kwao amuulize baba kwa heshima: uliinunua mwaka gani, na juu ya nini huyu mama amevaa saa? Majibu mtuletee, gazeti letu lina nafasi.